Picha ya Wazungu Wapagazi

Rumonge, Alhamisi, mwezi wa Rajabu.

Kiangazi kimeingia. Tangu asubuhi upepo unatoka ziwani na kutuletea harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaoanikwa mchangani. Siku nyingine harufu hiyo hunitia njaa. Leo imenichefua. Asubuhi mke wangu Mwajuma aliniwekea ugali na samaki wa mukeke, nikala matonge mawili, nikasukuma sahani. Hakuniuliza kitu. Alidhani ni majonzi kwa sababu ya kaka yake anayeuguzwa chumba cha pili.

Hayakuwa majonzi. Ni kinyaa. Kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki, hakishuki wala hakitoki.

Naandika kwa herufi za Kiarabu. Bwana Luteni, mkuu wa kituo, husoma kila karatasi anayoikuta mezani pangu, lakini herufi hizi hazijui. Mimi ni mkalimani wake. Kutwa nasema maneno ya watu wengine. Hapa kwenye daftari niseme yangu, hata kama yananuka.

Jumatatu alishuka hapa Mgiriki mmoja, jina lake Kosta, kwa mashua iliyotoka Kigoma. Tangu reli ya Wadachi wa Ujerumani ifike Kigoma tunaona watu wa kila namna. Huyu alikuja na masanduku manne na mashine yenye mkono wa kuzungusha, akasema amebeba picha zinazotembea. Picha za kusimama tunazijua. Bwana Luteni anayo ya mama yake, bibi wa watu amekaa kitini kama aliyekatazwa kupumua. Za kutembea hatukuwa tumeziona.

Aliyefurahi kuliko wote ni Bwana Luteni mwenyewe. Kituo chake hapa ni kidogo: nyumba moja ya matofali, askari sita na shaushi, mkubwa wao, mimi, na homa. Alitoa shuka zake mbili, fundi akaziunga, zikatundikwa sokoni kati ya miti miwili. Akaniamuru nitangaze kwamba jioni watu wote waje.

"Waone nguvu ya Ulaya," aliniambia.

Nikapita nikitangaza hivyo hivyo. Nguvu ya Ulaya, jioni, sokoni, bure.

Walikuja. Waswahili wa mjini na wake zao waliojifunga kanga mpya, Warundi wa kijiji cha Gatete, chifu wao, mutware, na watu wake, akina mama wanaouza mawese, na wapagazi waliokuwa wamelala kituoni wakingoja safari ya kwenda Bugarama. Bwana Luteni alikaa kitini mbele. Mimi nilisimama kando ya shuka na fimbo mkononi. Kazi yangu ilikuwa kueleza kila picha, Kosta akininong'oneza kutoka nyuma ya mashine.

Kwanza tulionyeshwa farasi na askari wa Ulaya wakipita njiani, safu kwa safu. Watu wakashangaa, wengine wakainuka wasikanyagwe. Kisha akaja bwana mmoja mnene, kofia yake imechukuliwa na upepo. Akaikimbilia, akaikosa, akaikimbilia tena, mwisho akatumbukia ndani ya pipa la maji. Soko zima lilicheka. Bwana Luteni alicheka mpaka akajipiga paja, akageuka nyuma kuwatazama watu, amefurahi kwamba wote tunacheka pamoja.

Naandika hilo ili nisilisahau. Alicheka.

Kisha ikaja bandari. Meli kubwa ilisogea, ikafungwa, ukatelemshwa ubao mwembamba mpaka nchi kavu. Juu ya ubao ule wakapita watu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na gunia mgongoni. Wazungu. Mashati yamechanika. Mmoja hana viatu. Kando yao amesimama mzungu mwenzao mwenye kofia nyeusi, amenyoosha kidole, mdomo unafunguka na kufungika. Picha hizi hazina sauti, lakini pale sokoni hakuna aliyehitaji sauti. Kila mtu aliyajua maneno yale.

Watu walinyamaza. Nilisikia mashine tu ikizunguka. Kosta aliacha kuninong'oneza, nami nikashusha fimbo.

Mmoja wa wale wapagazi, mzee mwenye ndevu nyeupe, akayumba. Gunia likamponyoka. Yule wa kofia nyeusi akamsukuma begani.

Hapo ndipo shemeji yangu Sefu aliposimama.

Sefu ni kaka wa Mwajuma, mkubwa wake. Alifiwa na mke, hakuoa tena. Ni mpagazi. Mwezi uliopita askari walimchukua kwa nguvu yeye na wenzake kupandisha mizigo ya Bwana Luteni milimani, na fungu lake lilikuwa beseni la bati analoogea Bwana. Siku sita za kupanda na beseni begani. Alirudi na kidonda begani, na hadithi ya beseni aliyoisimulia mpaka sisi tukacheka huku tukimpaka dawa. Ndivyo alivyo. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu.

"Kumbe!" alisema. "Bazungu nabo banabeba!"

Sauti yake haikuwa ya dhihaka. Ilikuwa ya mtu aliyekutana na ndugu mahali asipotegemea. Kisha akaita kwa nguvu, kwa ile sauti ya njiani ambayo wapagazi huitumia wakimwona mwenzao anayumba chini ya mzigo: "Pole, muzee! Pole! Iko karibu kufika!"

Basi ikawa kama amefungua mlango. Wapagazi wote wakaitikia, "Poleni! Poleni!" Warundi wa Gatete wakasema hivyo hivyo kwa Kirundi, "Mwihangane!" Mama mmoja muuza mawese akashika kichwa, akasema, "Yoo, na uzee ule!" Mzee wa kwenye picha akainama, akaliokota gunia lake, akaenda, na watu wakamshangilia kana kwamba amefika nyumbani kwao.

Nami nilisema. Nilikuwa na fimbo ya serikali mkononi, nikasema pole.

Bwana Luteni hakugeuka kututazama safari hii. Aliinuka, akamwamuru Kosta azime taa. Watu wakaambiwa waende zao.

Jumanne asubuhi akaniita. Alikuwa anakunywa kahawa, hana hasira hata kidogo, na hilo lilipaswa kunitia hofu. Aliniuliza kwa upole kabisa.

"Jana walisema neno moja mara nyingi. Pole. Maana yake nini?"

Najuta kuyaandika haya, lakini ndiyo yaliyotokea: nilifurahi kuulizwa. Kidachi nilijifunza Ujiji kwa daktari mmoja niliyemtumikia miaka minne, na sifa yangu kwa Wadachi ni kwamba sipotezi maana. Nikamweleza kwamba katika Kidachi halipo neno moja linalotosha. Nikampa matatu. Nikampa na mifano. Anaambiwa mgonjwa, anaambiwa mfiwa, anaambiwa aliyejikwaa, anaambiwa aliyebeba mzigo mzito. Nilimwona anasikiliza, nikazidi kujiona hodari.

"Si tusi, Bwana," nikamaliza. "Ni neno la huruma."

"Nani alianza?"

Nilijiona wakili. Nilidhani naondoa shaka. Nilidhani akijua ni mtu wa namna gani, mambo yatakwisha.

"Ni shemeji yangu, Bwana. Sefu, mpagazi. Mtu mpole sana. Aliwaonea huruma tu."

Akaweka kikombe chini.

"Mpagazi wangu," alisema polepole, "amewaonea huruma Wazungu."

"Ndiyo, Bwana."

"Na mimi nikiumwa homa, ataniambia hivyo hivyo?"

"Ndiyo, Bwana. Hata mimi nilikuambia, mwezi uliopita, ulipokuwa kitandani."

Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili, na bado sikuelewa. Mtu anaweza kujua lugha mbili na asielewe hata moja.

"Chukua kalamu," akasema.

Amri yenyewe nimeiandika kwa mkono wangu, kwa Kidachi na kwa Kiswahili, nakala mbili. Inasema picha zinazotembea zimepigwa marufuku mpaka zikaguliwe na serikali, kwa sababu ya hatari ya moto. Moto! Mashine ile imewaka taa mbele ya macho yake jioni nzima, naye amekaa karibu nayo kuliko sote, na hakusogeza kiti. Niliandika neno moto, nikalipiga mstari kama alivyotaka.

Kisha tukaenda kukagua. Kosta alifunga madirisha ya ghala upande mmoja, akaacha moja wazi, akazitoa picha zake. Sikujua ziko vile: utepe mrefu mwembamba, juu yake vipicha vidogo kama kucha ya kidole gumba, mamia kwa mamia, kila kimoja kinafanana na jirani yake. Bwana Luteni aliketi. Kazi yangu ilikuwa kushika utepe kwenye mwanga na kusema mahali watu waliposema neno lao.

Nikasema. Hapa, Bwana, aliyumba. Hapa, gunia lilianguka. Kuanzia hapa walisema pole.

Nilimwona yule mzee mwenye ndevu, mdogo kuliko mbu, ameinama mara ishirini kwenye vidole vyangu.

Kosta alikata kwa mkasi wa kawaida, kama fundi anayekata kitambaa. Sikuona dalili yoyote ya uchungu usoni kwake. Bwana Luteni alipotoka kidogo, nilimuuliza kama haumii kuharibiwa mali yake.

"Nimezoea, karani," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani. "Kila bandari ina mkasi wake. Mahali pamoja padri alikata wanawake wanaocheza. Mahali pengine walikata picha ya mwizi anayemkimbia polisi, kwa kuwa mwizi hakukamatwa. Mahali pengine jeshi liliogopa picha ya askari anayelia. Mimi sibishani. Nauliza tu, wapi panawauma? Nakata hapo, nalala kwa amani."

"Na hapa panauma wapi?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Wewe ndiye uliyeshika utepe."

Bwana Luteni aliporudi alikuwa amefikiri zaidi. Akaagiza na yule bwana mnene wa kofia naye akatwe. Yule yule aliyemchekesha mpaka akajipiga paja! Alisema haifai watu kuona mzungu ndani ya pipa. Nadhani alikuwa amekumbuka kicheko chake mwenyewe, akaona hata hicho ni hatari. Vipande vyote vikapelekwa uani na kutiwa kiberiti. Viliwaka kwa kishindo, moto mweupe, mara moja vikaisha. Ndio moto pekee niliouona tangu Kosta afike Rumonge, na aliyeuwasha ni serikali.

Nilidhani yameishia hapo.

Alasiri ya Jumanne hiyo hiyo askari wawili walikwenda kumchukua Sefu kwenye banda la wapagazi. Wakamleta mbele ya kituo. Watu wakaitwa, mimi nikapewa karatasi nisome kosa lake. Kosa lilikuwa kufanya fujo karibu na mashine ya moto. Adhabu hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Sefu alinitazama. Alinitazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyeko upande wa ndani wa uzio, akitumaini nina neno la kumwombea. Nikasoma karatasi mpaka mwisho. Sauti yangu haikutetemeka. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote: nilisoma vizuri, kila neno mahali pake.

Walimlaza. Shaushi alishika kiboko. Mimi nilitazama mchanga. Kidonda cha begani kilipasuka tangu kiboko cha nne, naye hakulia mpaka cha kumi na mbili. Bwana Luteni alisimama mlangoni, mikono nyuma, na ilipokwisha akaingia ndani bila kusema neno.

Tulimchukua tukamleta hapa nyumbani. Mwajuma alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, akampaka mawese, akawa anamlilia huku anamkemea: nani alikutuma kusema, nani alikutuma? Sefu amelala kifudifudi chumba cha pili tangu siku hiyo.

Jana, Jumatano, zikaonyeshwa tena picha zilizotakaswa. Watu waliamriwa waje. Walikuja, wakaketi pale pale. Farasi wakapita, hakuna aliyeshangaa. Askari wakapita. Bandari ikaja, meli ikasogea, ubao ukatelemshwa, na palepale, kabla mtu hajakanyaga ubao, tukawaona farasi tena, Kosta amewaunga hapo kuziba pengo.

Kila mtu alipaona penye mkasi. Hata asiyejua mkasi ni nini alipaona.

Yule mama muuza mawese akauliza kwa sauti, bila kuogopa, kama anayeuliza njia: "Na bale babebaji, balienda wapi?"

Bwana Luteni akanigeukia. Nilikuwa na fimbo yangu. Nikajibu mbele ya umati, "Picha imeharibika, mama."

Taa ikazimwa. Wakati wa kutoka walinipita bila salamu. Watu hawa huambiana amahoro, yaani amani, hata wakigombana, lakini mimi walinipita kama nguzo.

Nilirudi nyumbani nikakaa na Sefu. Na hapa ndipo mambo yalipozidi kuwa mabaya, maana Sefu alinishukuru. Alinishukuru kwa dawa, kwa chumba, kwa kuwa nilikuja kukaa naye. "Murakoze, shemeji," alisema, uso wake umelalia mkeka. "Najua haukuwa na namna. Karatasi ni yao." Kisha akaniambia amekwisha kujua aliyemchongea kwa Bwana Luteni. Ni shaushi. Shaushi alikuwa karibu naye sokoni ile jioni, na ndiye aliyemchapa kama mwenye chuki. Akipata nguvu ya kusimama, atamngojea kwenye njia ya mtoni anapokwenda kuoga, atamfanya jambo.

"Utamfanya nini?"

"Mutu moja tu atarudi kutoka mutoni," alisema.

Sefu, ambaye sijawahi kumsikia akitukana. Shaushi ni mtu mkali, lakini hilo hakulifanya. Na anayemgusa askari wa serikali ananyongwa, kila mtu anajua. Nilisema, "Lala, utapona kwanza." Nikatoka. Hata nikalala vizuri, Mungu anisamehe. Mwili ulikuwa umechoka kwa uongo.

Leo asubuhi ndipo kinyaa kiliponikaba. Ugali ulinishinda. Nilikwenda kituoni, nikarudi adhuhuri, nikaswali, na baada ya swala nikaingia chumba cha pili kabla sijapata muda wa kujionea huruma.

"Shemeji, si shaushi," nilisema. "Ni mimi."

Alidhani namtuliza. Alicheka kidogo. Nikamweleza yote, kahawa, swali, maneno matatu ya Kidachi, jinsi nilivyofurahi kuulizwa. Sikuficha kitu. Inzi walikuwa wanatua mgongoni kwake, nikawa nawafukuza kwa upepeo wa ukindu huku nikieleza, na mahali fulani katikati ya maneno yangu akaniambia, "Wacha. Usinipepee."

Nikaacha.

Alisogeza shavu lake juu ya mkeka. Kisha akauliza, "Ulimuambia nilisema nini hasa?"

"Kwamba uliwaonea huruma. Kwamba si tusi."

"Ungemuambia niliwatukana."

Sikuelewa.

"Ungemuambia niliwatukana, shemeji. Matusi anayajua. Angenipiga kumi, hasira yake ikaisha, kesho ananipa beseni yake nibebe. Lakini wewe umemuambia mimi, mwenye kubeba maji yake ya kuoga, namuonea huruma." Akageuza uso upande wa ukuta. "Mutu yule atalala namna gani?"

"Nilidhani ukweli utakuokoa."

"Ukweli wangu, wewe ulimpelekea yule. Haukuona ni nani unampelekea?"

Nikamwomba anisamehe. Alisema hajui, labda mgongo ukipona ataona, sasa hivi hana mahali pa kuweka msamaha. Lakini kuhusu shaushi, alisema, amewacha. Hilo angalau. Shaushi ataoga mtoni kwa amani na hatajua kamwe.

"Dada yangu anajua?"

"Bado."

"Muambie wewe mwenyewe. Mimi sitamuambia."

Nikatoka uani. Mwajuma alikuwa anachambua mchele. Nilimweleza nimesimama, maana nilijua nikikaa sitamaliza. Hakuniangalia. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, akatupa mawe madogo pembeni, akapeta, akaweka ungo chini.

Nilifungua mdomo kusema neno ambalo mtu husema wakati kama ule. Alinyanyua mkono.

"Usiniambie pole," alisema.

Akaingia chumba cha kaka yake, akafunga mlango.

Sasa ni baada ya alasiri, nimekaa barazani na daftari hili magotini. Mashua ya Kosta imeondoka kuelekea Usumbura, na vipande vyake vya farasi. Kule nako watamwuliza panauma wapi. Nimekuwa nikijiuliza kutwa kwa nini serikali yenye bunduki, reli na meli iogope shuka mbili na taa. Jumatatu ningesema inaogopa kuchekwa. Hapana. Bwana mnene alipochekwa, Bwana Luteni alicheka naye. Aliogopa alipoona kwamba watu wake wa kubeba wamemtazama mzungu wakamwona mtu, amechoka, anastahili neno jema. Kama yule mzee wa ndevu ni mtu kama Sefu, basi Sefu ni mtu kama nani? Hiyo ndiyo hesabu aliyoifanya juu ya kahawa, na mimi nikamsaidia kuijumlisha.

Nasema serikali, serikali. Lakini mkono ulioshika utepe ni huu unaoandika. Yeye bila mimi asingejua lile neno lina maana gani. Angedhani ni nyimbo za watu, angekunywa kahawa yake akaenda kuoga. Siwezi kumchukia yeye bila kupita kwangu kwanza.

Nimefikiria kuacha kazi. Ningeacha, wangemleta mwingine kutoka Usumbura, kijana mwenye Kidachi safi na haraka ya kusifiwa, kama nilivyokuwa mimi Jumanne.

Kesho kabla ya swala ya Ijumaa wanaletwa watu saba wa Gatete. Waliagizwa kutoa wapagazi, hawakutoa. Watasimama mbele ya Bwana Luteni, na kila mmoja atasema la moyoni, maana watu wale hawajui kuficha. Mmoja atasema amechoka, mwingine kwamba anakataa. Wa tatu, namjua, atasema kwamba mzungu abebe mwenyewe kama wale wa kwenye picha. Bwana Luteni ataniuliza, "Anasema nini?"

Nimeamua. Kidachi changu kesho kitakuwa na makosa. Aliyechoka nitasema ana homa. Aliyekataa nitasema hakuipata habari. Na yule wa tatu nitasema anaomba siku mbili za kukamua mawese yake, na nikikwama nitakohoa.

Sijawahi kutafsiri vibaya kwa makusudi, na Bwana Luteni si mjinga. Lakini tangu nimekaa hapa nimekwisha kutunga makosa hayo matatu, nayarudia kimoyomoyo, moja baada ya jingine, mpaka yaingie ulimini kama yamezaliwa humo.